Chati Tuliyoikariri

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, mapazia, na magauni ya kina mama wanaotaka waonekane wembamba. Naanza na kazi yangu kwa sababu bila cherehani hii, aibu ninayotaka kukusimulia isingetokea.

Nyumbani tuko watatu. Mume wangu ni mwashi, mtu wa maneno machache. Binti yetu, mtaa mzima unamwita Profesa. Alipewa jina hilo akiwa mdogo, kwa sababu alisoma kitabu kikiwa kimekaribia kugusa pua. Watu walidhani ni bidii. Hata mimi mama yake nilidhani ni bidii.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Profesa alinitungia uzi kwenye sindano sita au saba. Nilizichomeka kwenye kitambaa na zikanitosha mpaka jioni. Mimi mwenyewe sikuweza tena. Nilisingizia sindano. Nilisema za siku hizi zinatengenezwa na matundu madogo. Lakini niliweza kumtambua mteja wangu akiwa mwisho wa barabara, hasa yule anayenidai gauni lake. Profesa alikuwa kinyume changu. Tundu la sindano aliliona vizuri, ila ukimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara anapita kama hakujui. Majirani walisema anaringa. Ukituweka pamoja, mimi na yeye tulikuwa mtu mmoja mwenye macho mazuri.

Alipomaliza sekondari alifaulu fizikia, kemia na biolojia. Siku moja akaja na fomu ya kurasa sita.

"Mama, nataka kusomea optometria."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Elimu ya macho. Unapima mtu anaona vipi, unamwandikia miwani, unagundua ugonjwa wa macho mapema. Kama unahitaji upasuaji, unampeleka kwa daktari bingwa."

Nilifurahi. Nikafungua ile fomu. Nikaona jina la chuo. Nikaona tarehe ya mwisho, wiki tano mbele. Ukurasa wa nne nikaona neno "macho", na chini yake mahali pa mtaalamu kutia sahihi. Furaha ikaniishia hapo hapo.

Nilimkumbuka mdogo wangu, mjomba wake Profesa. Alitaka kuwa askari. Alipita kwenye mbio, akapita kwenye kipimo cha kifua, macho yakamrudisha nyumbani. Mpaka leo hapendi kuulizwa.

"Sikiliza," nikamwambia binti yangu. "Kama bunduki tu inataka macho mazima, chuo chenyewe cha macho kitataka nini? Wakijua unasomea puani, umekwisha."

Profesa akainama. "Hata mimi nimewaza hivyo, mama."

Laiti ningenyamaza pale. Lakini mimi kiherehere changu hakina breki.

Wiki ile ile nilikuwa na kazi ya mapazia kwenye kituo cha afya. Chumba cha kupimia macho kinatakiwa kiwe na giza kidogo, kwa hiyo walitaka kitambaa kizito. Mtaalamu wa pale ni mama wa makamo, mpole, anayevaa viatu visivyo na kishindo. Alinikaribisha nipime madirisha, kisha akaitwa chumba cha pili. Nikabaki peke yangu na chati ya herufi ukutani. Nikatoa penseli na karatasi ya kaki ninayochorea vipimo. Nikanakili chati nzima, kuanzia herufi kubwa ya juu mpaka mstari wa mwisho wenye herufi ndogo kama chawa. Zile za chini zilinitesa. Nilisogea, nikarudi nyuma, nikakunja uso, nikaandika nilichoweza.

Kwa siku nne tulikariri. Profesa akiosha vyombo, mimi namtajia mstari, yeye anaumalizia. Baba yake alisimama mlangoni akiwa na ndoo ya maji.

"Hiyo ni dini gani?" akauliza.

"Ni mambo ya shule," nikamjibu. Akaenda zake.

Siku ya tano tulikwenda. Mapazia yangu yalikuwa yameshatundikwa, yamekaa vizuri kabisa, na hiyo ilinipa moyo. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni. Mtaalamu akamkalisha Profesa mita sita kutoka kwenye chati, akampa kitu cheusi kama kijiko cha kuzibia jicho.

"Ziba la kushoto. Soma mpaka unapoweza."

Profesa akasoma chati yote bila kukwama.

"Ziba la kulia."

Akasoma tena, kwa mwendo ule ule. Nikasema moyoni, tumemaliza.

Mtaalamu hakuandika kitu. Aliitazama chati, akamtazama binti, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Sasa nisomee mstari wa saba kutoka kulia kwenda kushoto."

 Profesa akaanza tena kutoka kushoto, akajikamata. Hilo hatukulikariri. Mtaalamu akaigeuza chati, kumbe nyuma yake kulikuwa na nyingine yenye tarakimu. Profesa akaweza mistari miwili ya juu. Wa tatu akakisia.

"Mama," mtaalamu akaniambia kwa sauti ya chini, "tangu mwanzo nilikuwa natazama midomo yako. Ulikuwa unasoma pamoja naye."

Nilikosa pa kuweka uso. Nilitamani nijifunike lile pazia nililolishona mwenyewe. Ukurasa wa nne ulikuwa mezani, mbele ya mkono wake. Angeandika neno moja tu, "mdanganyifu", na maisha ya mwanangu yangeishia kwenye karatasi ile, kwa sababu yangu.

Lakini hakushika kalamu. Alivuta kiti akakaa karibu na Profesa.

"Binti yangu, unaogopa nini?"

Basi Profesa akalia. Akaeleza yote, habari za mjomba, za kitabu puani, za kukaa benchi la mbele darasani miaka yote. Hakutaja karatasi ya kaki. Nikaona si haki abebe mzigo wangu.

"Chati niliinakili mimi," nikasema. "Siku ile ya kupima madirisha."

Mtaalamu akaichukua fomu, akampa Profesa. "Soma hapa. Pole pole. Kila neno."

Profesa akaisogeza usoni. "'Je, mwombaji anaona vizuri, kwa miwani au bila miwani?'"

"Rudia."

"Kwa miwani au bila miwani."

Tulitazamana. Maneno yalikuwa pale pale siku zote. Tulisoma jina la chuo, tukasoma tarehe ya mwisho, ya katikati tukayajaza kwa hofu zetu.

"Kila kazi ina masharti yake," mtaalamu akasema. "Ya askari si ya mwanafunzi wa chuo. Na vyuo navyo vinatofautiana, kwa hiyo soma masharti ya chuo unachoomba, usisome ya jirani. Mtu akivaa miwani na akaona vizuri, anaona vizuri. Mimi mwenyewe unadhani natumia nini?" Akavua miwani yake, akaipangusa, akairudisha. Nilikuwa nimeiona tangu siku ile ya madirisha. Haikunipitia akilini.

Akamvalisha Profesa fremu nzito ya majaribio, akawa anabadilisha vioo. "Hiki au hiki? Cha kwanza au cha pili?" Mwishowe Profesa akasoma tarakimu mpaka chini. Kisha akageuza kichwa, akanitazama kule pembeni nilikokaa.

"Mama," akasema, "kumbe unalia."

Miaka kumi na tisa nimelea mtoto ambaye hakuwahi kuuona uso wangu kutoka upande wa pili wa chumba. Hilo liliniuma kuliko aibu.

Mtaalamu hakuniacha nijihurumie. "Mama, mstari wa saba binti amesoma O mahali penye C, na P mahali penye F. Macho yote mawili yamekosea herufi zile zile. Makosa hayo si yake, ni ya aliyenakili. Hebu na wewe njoo kwenye kiti."

Nilikwenda. Nikaambiwa macho yangu yanaona mbali lakini karibu yamechoka, kama ilivyo kwa watu wengi waliofika umri wangu. Sindano hazikuwa na kosa.

Kabla hatujaondoka Profesa akauliza, "Sasa utaandika nini kwenye fomu?"

"Nitaandika nilichopima. Anaona vizuri kwa miwani. Lakini umesema unataka kazi hii. Umewahi kumwona mtu akiifanya?"

"Leo tu."

"Basi njoo asubuhi, wiki mbili. Ukae pembeni uangalie. Ukiona huipendi, heri ujue sasa. Ukiipenda, utakuwa na la kuandika kwenye barua yako, na mimi nitakuwa na la kusema nikiulizwa juu yako."

Profesa akaenda kila asubuhi. Alirudi na habari. Mzee aliyedhani amerogwa, kumbe ana mtoto wa jicho. Mwanafunzi aliyeitwa mzembe miaka miwili, kumbe tatizo ni kwamba haoni ubao. Dereva aliyekataa miwani kwa kuwa haimpendezi. "Mama, kupima ni kazi ndogo," aliniambia. "Kumfanya mtu akwambie ukweli ndiyo kazi."

Barua ya maombi alikuwa ameshaiandika kabla. Ilianza na ndoto ya tangu utotoni ya kulihudumia taifa. Mtaalamu aliisoma, akamrudishia. Alimwambia barua za namna hiyo zinakuja mia, zote zimetoka chungu kimoja. Aandike aliyoyaona kwa macho yake.

Jioni moja Profesa akanisomea barua mpya. Ndani yake mlikuwa na chati, karatasi ya kaki na mstari wa saba.

Nikapandwa na hasira. "Yaani unataka wasomi wa chuo kizima wajue mama yako ni mwizi wa herufi?"

"Sijataja kuwa ni wewe. Nimeandika 'mtu anayenipenda'."

"Na ukikosa nafasi kwa sababu ya hiyo barua?"

"Nikikosa, nitakuwa nimekosa mimi. Ile ya kukariri chati haikuwa yangu, mama. Hata herufi zake sikuziona."

 Mume wangu, ambaye alikuwa akila, akaweka kijiko chini. "Mwache aandike," akasema. "Ukuta ukianza umepinda huunyooshi kwa lipu." Kwake hayo yalikuwa maneno ya mwezi mzima.

Nikalala na jambo lile. Asubuhi nikamwambia Profesa, "Futa 'mtu anayenipenda'. Andika mama yangu, fundi cherehani. Kama ni kunitaja, nitaje vizuri."

Akacheka, akaandika. Tukaipitia fomu yote, kurasa sita, neno kwa neno, mimi nikiwa na miwani yangu mpya. Tulikuta cheti cha kuzaliwa kinahitaji nakala iliyothibitishwa, jambo ambalo tungelikosa. Tukaipeleka siku nne kabla ya mwisho.

Aliitwa kwenye usaili. Watu watatu walimhoji nusu saa. Aliporudi nilimuuliza wamemwuliza nini. Akasema, "Mengi tu, mama," akaingia chumbani. Nikajua mambo yameharibika. Wiki tatu sikula vizuri. Kisha orodha ikatoka, na jina lake lilikuwemo. Niliisoma mwenyewe, mara mbili, kutoka kushoto na kutoka kulia.

Asubuhi ya safari, begi lake lilikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa mezani, natunga uzi kwenye sindano. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Profesa alisimama akinitazama, mikono yake haina kazi.

"Hunihitaji tena," akasema.

"Sindano ndizo zisizokuhitaji," nikamjibu. "Sasa niambie. Kwenye usaili walikuuliza nini?"

Akakaa kwenye kiti chake cha kila asubuhi.

"Walikuwa wameisoma barua. Mmoja akaniuliza, siku ukiwa mtaalamu, akija mgonjwa aliyekariri chati, utamjuaje?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema nitamtazama mama yake midomoni."

Walicheka, akaniambia. Hata mimi nilicheka, nikasahau aibu yangu.

"Lakini mama mmoja aliyekaa katikati hakucheka. Akaniuliza, ukishamjua utamfanya nini? Utamwandikia nini kwenye fomu?"

"Enhe?"

"Nikasema sitaanza na fomu. Nitavuta kiti nikae karibu naye, nimuulize anaogopa nini."

Baba yake akalibeba begi, akatangulia nje. Mimi nikavua miwani yangu ya karibu, nikafuta macho kwa upindo wa gauni, maana nilitaka nimwone vizuri mpaka mwisho wa barabara.