Sauti Namba Tatu

— Hapana, mama, sijamwambia. Viza imetoka. Nitamwambia baadaye.

Maneno hayo Hatem alimnong'oneza mama yake kwenye simu, Jumapili alasiri, katika mkahawa wa bandarini hapa kwetu Bizerte. Alidhani hakuna anayemsikia. Alisahau kwamba mchumba wake Wided, aliyekuwa jukwaani na fidla yake, alikuwa ameshakanyaga.

Wided hupiga muziki peke yake. Miguuni ana kisanduku chenye kanyagio. Akikanyaga, kinanasa sauti. Akikanyaga tena, kinairudia bila kuchoka, naye anaweka nyingine juu yake, na nyingine, mpaka mtu mmoja anakuwa kundi zima. Siku zote huanza kwa kunasa makofi ya watu. Na maiki ya makofi ilikuwa mezani kwa Hatem, fundi mitambo wake.

Basi makofi yaliporudi, yalirudi na maneno. Sijamwambia. Viza imetoka. Mara ya pili. Mara ya tatu. Watu wakacheka, wakidhani ni ufundi wa wimbo, wakazidi kupiga makofi.

Mimi nilikuwa meza ya mbele. Nilidhani Wided atazima. Hakuzima. Aliweka fidla begani, akapiga juu ya maneno yale mpaka wimbo ukaisha.

Watu walipotawanyika, akamsogelea Hatem.

— Viza ya nani?

— Yangu.

— Tuliomba wawili, Hatem.

— Yako ilikataliwa. Barua ilifika wiki tatu zilizopita.

— Ukaificha.

— Nilitaka upige leo kwanza, kwa raha.

— Unaondoka lini?

— Jumatano. Nitatafuta chumba Lyon, halafu nitakuita.

— Mkahawa mzima umejua kabla yangu! Hata muuza maandazi ya bambaluni pale nje amejua!

Akavua pete, akaiweka kwenye kisahani cha kahawa, akabeba fidla yake.

Jumatano asubuhi nilimkuta Hatem ameketi kwenye ngazi za nyumba yangu. Wided amepanga chumba cha juu. Hatem alikuwa akikunja nyaya za Wided zilizokuwa zimebaki mkahawani, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za mtoto. Kila ncha aliizungushia utepe wa rangi, ili Wided akiwa peke yake ajue upi unaingia wapi.

— Bibi, mpelekee. Usimwambie ni mimi.

— Mwanangu, hujachoka tu na hayo ya kutokuambiana?

Akainamisha kichwa. Akaondoka.

Baridi ikaingia. Juu ya dari yangu nilisikia wanawake wanne wakiimba, fidla tatu, na ngoma ya dumbaki. Mpita njia angesema kuna harusi. Lakini nikipanda na lablabi, supu ya moto ya dengu, jikoni nakuta kikombe kimoja.

Kila alasiri simu ya Wided ililia. Ujumbe wa Hatem ulikuwa ule ule: "Umekula?" Wided aliusoma, akailaza simu kifudifudi.

— Mjibu basi, nilimwambia siku moja.

— Nimjibu nini?

— Umekula au hujala. Mbona si swali gumu!

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwisha.

Siku nyingine nilipanda bila kubisha. Nilimkuta ameketi sakafuni, fidla imo kwenye sanduku lake, na sauti ya Hatem imejaa chumba. Sijamwambia. Viza imetoka. Sijamwambia.

— Mwanangu! Bado unayo hiyo?

— Ni sauti namba tatu. Niliihifadhi.

— Ifute. Itakuua.

— Sina sauti yake nyingine, bibi.

Nikaweka bakuli sakafuni. Nikaketi karibu yake, tukala.

Mwaka ukapita na miezi miwili. Alasiri moja, msimu wa tini, nikamkuta Hatem kwenye ngazi zile zile, na begi dogo.

— Viza imekwisha? nikamuuliza.

— Viza bado, bibi. Mimi ndiye niliyekwisha.

Mara sauti ikashuka kutoka juu. Sijamwambia. Viza imetoka. Hatem akajiziba mdomo.

— Ni mimi huyo?

— Ni wewe. Kila alasiri.

— Basi ananichukia.

— Panda ukamuulize. Umeogopa vya kutosha.

Nikapanda nyuma yake. Wided alifungua mlango. Hakushtuka, wala hakuizima sauti.

— Hapo unasema hujaniambia, alisema. Niambie.

Hatem akasema, sauti yake mwenyewe ikimzunguka.

— Viza yako ilikataliwa. Niliificha barua kwa sababu nilijua ukilia sitaondoka, nami nilitaka kuondoka. Ndiyo kweli. Kule nilipata kazi, nikapata chumba. Nilikuwa nakula nimesimama, naongea na redio. Sikuja kukuchukua, Wided. Nimekuja kukaa. Usiponitaka, nitatengeneza hizo nyaya niende kwetu.

— Zile tepe za rangi ni wewe?

— Ni mimi.

— Nilijua. Bibi hajui hata kuchomeka simu yake.

Nikajifanya natazama dari.

Wided akaweka mguu juu ya kanyagio, akaushikilia hapo. Hivyo ndivyo sauti inavyofutwa. Hatem wa kwenye kisanduku akakatika katikati ya neno. Chumba kikawa kimya, kimya ambacho sikuwahi kukisikia humo tangu baridi ile.

— Nasa sauti yangu nyingine, Hatem akasema. Nzuri zaidi.

— Hapana. Sihifadhi tena. Ukiwa na la kusema utalisema mwenyewe, kila siku, usoni kwangu.

Kisha akachukua simu yake, akaandika kwa kidole kimoja. Mfukoni mwa Hatem simu ikalia. Akaitazama, akaketi pale pale kizingitini, akalia kama mtoto.

Akanipa niisome. Chini ya "Umekula?" mia nne na zaidi, kulikuwa na jibu moja.

"Bado."

Nikashuka kupasha lablabi. Nikapanda na mabakuli matatu.