Waya wa Tisa

Yaliyomkuta fundi huyu nayajua kwa sababu tulipakana ukuta, na hakuwa mtu wa kutia chumvi. Utani alikuwa nao. Watu walimwita Testa, jina la kile kipimo chake kidogo kinachowaka taa kikigusa umeme, na kila akifungua boksi la umeme alikuwa na msemo wake: "Kiendacho kwa mganga hakirudi. Kiendacho kwa umeme lazima kirudi!" Kisha anacheka peke yake.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, dada yake alimpigia simu. Bomba la jikoni linatekenya, alisema. Mtu akilishika, vidole vinamcheza. Kipusa, bintiye wa miaka mitano, ameligeuza mchezo. Kutwa yuko pale, kashika bomba, anacheka.

"Mwondoe hapo," Testa alimwambia. "Nakuja."

Njiani hakuwa na wasiwasi sana. Nyaya za nyumba ile zilipitishwa na shemeji yake, marehemu mume wa dada, fundi mwenzake aliyependa kuandika kila kitu. Alifariki mwaka mmoja nyuma, akiwa nje ya jiko, nyundo mkononi, akipigilia ardhini nondo ya ethi. Moyo, daktari alisema. Testa alijua kuwa ethi ile haikumalizika, na alijilaumu kwa kuiacha hivyo. Kazi ya ethi ni kuzika. Umeme ukipotea njia, ethi huupeleka udongoni kabla haujamkuta mtu. Isipokazwa, umeme hujitafutia pengine pa kupita: bomba, friji, mkono wa mtoto.

Alipofika, alifungua boksi. Kazi safi, ya mtu asiye na haraka. Kila waya una kipande cha utepe mweupe, na juu yake herufi kubwa za shemeji: JIKO, FRIJI, SEBULE. Akahesabu nyaya za moto, zile zinazopeleka umeme vyumbani. Nane. Akahesabu nyutro, zile zinazourudisha. Tisa.

Akahesabu tena, kwa kidole.

Nane zinakwenda, tisa zinarudi. Ule wa tisa ulikuwa umelegea kwenye skrubu yake, na haukutoka chumba chochote. Ulishuka na ukuta, ukapenya nje, ukaingia ardhini pale penye nondo. Utepe wake ulikuwa umeungua katikati. Yalisomeka maandishi KA, halafu doa jeusi, halafu A.

"Shemeji," alinong'ona, "ulikuwa unazika nini huku?"

Ndipo dada yake akapiga yowe jikoni.

Kipusa alikuwa amelishika bomba kwa mikono miwili. Hakulia. Macho wazi, midomo rangi ya majivu. Testa akashusha meni swichi, ile ya kuzima umeme wa nyumba nzima. Friji ikanyamaza. Mtoto hakuachia. Akamsukuma kwa mpini wa ufagio, hakusogea, kana kwamba ameota pale. Akaigusisha testa kwenye bomba. Ikawaka. Ikazimika. Ikawaka. Polepole, kwa mwendo wa moyo wa mtu.

Umeme haukuwemo tena ndani ya nyumba ile. Kilichokuwa kikipanda kilitoka chini.

"Kaka." Sauti ya dada ilikuwa imekauka. "Kaka, fanya kitu."

Akarudi mbio kwenye boksi. Mkono huu koleo, mkono huu bisibisi. KATA au KAZA? Herufi moja tu. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, na hakujua. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Jasho likamwingia machoni. Kule jikoni dada aliacha kuita, akaanza kulia.

Akakata.

Kipusa akaachia. Akakaa sakafuni, akaomba maji. Dada alimkumbatia, akamshukuru Mungu, akamshukuru kaka, akarudi kumshukuru Mungu. Testa naye alikaa chini. Baadaye aliubandua ule utepe, akautia mfukoni.

Wakati wa kuaga, Kipusa alimwokotea testa yake.

"Mjomba, umesahau."

Ilikuwa inawaka kiganjani mwake. Haikugusa kitu kingine.

Testa aliipokea, akatoka. Nje, jua la saa sita likiwa utosini, alitoa utepe mfukoni. Doa halikuwepo. Herufi nne, nyeusi, safi: KAZA.

Alirudi mbio akafungua boksi. Nyaya za moto nane. Nyutro nane. Hapakuwa na ncha iliyokatwa. Hapakuwa na skrubu tupu, wala tundu ukutani. Akazunguka nyuma ya jiko. Udongo ulikuwa sawasawa, mkavu, kama haujawahi kupigiliwa kitu. Alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Hakupata nondo. Hakupata waya. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake na hakukuwa na cha kukaza.

Dada yake alitokea mlango wa jikoni, uso umechanua.

"Unatafuta nini tena huko, kaka? Bomba limepona. Halitekenyi kabisa." Kisha akakitazama kiganja chake, akavikunja vidole. "Ila sasa ni Kipusa. Nikimshika mkono, yeye ndiye anayetekenya."