Maji ya Mgeni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zakia alikwenda ziwani mara mbili. Safari ya kwanza ilikuwa ya debe la kupikia na kuogea. Ya pili ilikuwa ya mtungi. Mtungi huo ulikaa penye kivuli ukumbini, umefunikwa kwa kawa, na maji yake yalitunzwa kuliko watoto wa nyumba ile: yalichemshwa, yakapozwa, yakachujwa mara mbili kwa kitambaa cheupe. Hayakunywewa ovyo. Yalikuwa maji ya mgeni.

Zakia, mdogo wake Bilali na watoto wengine wa Mawe Matatu walikunywa palepale mwaloni, mitumbwi ilipopakulia samaki. Walichota kwa viganja, wakafuta midomo, wakaendelea kucheza. Mtaa wao ulikuwa kando ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na kuni zilitoka mbali. Nani angechemsha maji ya watoto kisha akose kuni za ugali?

Mama yao, Mwanabaraka, alisifika kwa mtungi ule. Hata jirani akipata ugeni wa ghafla, alimtuma mtoto na kata kwa Mwanabaraka. "Mgeni akinywa tope," mama alizoea kusema, "aibu yetu ataibeba hadi kwao." Baba alikuwa baharia katika meli ya Nansio, na wiki nyingi hakuwapo, kwa hiyo neno la mama ndilo lililokuwa sheria.

Nchi ilipopata uhuru, Bwana Afya mpya alianza kuja kila mwezi kwa baiskeli, akiwa na sanduku la chupa za kuchukulia maji ya kupimwa. Jina lake Bwana Shimba. Alikuwa mpole, mwenye viatu vinavyong'aa, na mwaloni palikuwa na tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Siku ya kwanza alisimama uani kwa kina Zakia akampa chupa.

"Binti, nijazie maji mnayokunywa hapa. Mimi naandika jina la mtaa."

Zakia aliishika ile chupa kwa mikono miwili. Kabla hajapita jikoni, mama alimdaka.

"Unakwenda wapi na chupa ya Serikali?"

"Ziwani, mama. Bwana Afya anataka maji."

"Ya ziwani? Serikali yetu wenyewe, ndiyo kwanza imeingia, uipe tope? Hebu lete!"

Akaijaza kutoka mtungini. Bwana Shimba aliiinua chupa juani, akaona maji yanang'aa, akaridhika. Mwezi uliofuata ikawa vivyo hivyo, na uliofuata tena. Karatasi zilirudi kutoka maabara zikisema maji ya Mawe Matatu ni safi. Mama alizihifadhi sandukuni pamoja na kanga zake za sikukuu, na mtaa mzima ukatembea kifua mbele. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja kila mwezi, akahudumiwa vizuri sana, na wenyeji ndio walioanza kuugua.

Masika yalipoanza, machinjio yaliyokuwa juu ya kilima yalichimbiwa mfereji. Mvua ikateremsha uchafu wa mfereji ule hadi kwenye kijito, na kijito kikaumwaga mwaloni. Mtoto wa jirani yao, Mama Kija, akaharisha damu siku tatu. Siku ya nne walimzika. Wakafuata wengine, na siku moja Zakia alirudi kutoka shuleni akamkuta Bilali amejikunyata juu ya mkeka, macho yameingia ndani.

Katika zahanati, Nesi Paskazia alimpa dawa, akaandika katika daftari lake, akauliza, "Mnakunywa maji gani?"

"Ya ziwa," mama akajibu. "Lakini yamepimwa. Ni safi. Karatasi ninazo."

Ajabu ni kwamba aliamini hivyo kweli. Alikuwa ameijaza ile chupa kwa mkono wake mwenyewe, na bado aliiamini karatasi kuliko mkono wake. Alidhani labda mtoto amekula samaki mbovu, au kuna mtu amemtupia jicho baya. Bilali akapata nafuu, akarudi mwaloni kunywa na wenzake, akaugua tena.

Mara ya pili nesi aliwaambia waende Idara ya Maji. Walitembea na jua la saa sita, Bilali mgongoni mwa mama, Zakia nyuma na kikapu. Karani wa Maji alifungua daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Mawe Matatu? Afya wametuandikia kwamba maji yenu ni safi, ndiyo maana hatujaja. Kama ni habari ya mfereji, nendeni Halmashauri ya Mji."

Halmashauri nako kulikuwa na karani na daftari. "Mfereji uliruhusiwa," alisema bila kuinua macho. "Hakuna aliyetuambia umeharibu maji. Kuugua ni kazi ya hospitali. Rudini zahanati."

Walikaa kwenye ngazi za jengo lile. Mama hakulia, ila alimpapasa Bilali mgongoni bila kukoma. Watu walipita na makaratasi yao, kila mmoja akiwa na haraka. Hakuna aliyewatukana na hakuna aliyewasaidia. Zakia aliona wanapigwa danadana, wala asimjue wa kumkasirikia.

Tena yeye alikuwa anajua. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alijua maji ya kwenye chupa yalitoka wapi. Akisema, mama yake ataonekana mbele za watu kuwa ameidanganya Serikali, na pengine atafungwa. Asiposema, Bilali huenda akalazwa kaburini karibu na mtoto wa Mama Kija. Usiku alifungua kinywa mara tatu gizani amwambie mama, na mara zote tatu akakifunga.

Mara ya tatu Bilali hakuweza hata kunyanyua kichwa. Alilazwa. Nesi Paskazia alipohesabu akaona watoto kumi na mmoja wa mtaa mmoja katika mwezi mmoja, alimwita Bwana Shimba aje na daftari lake.

"Nesi, maji yale nimeyapima mara tano," Bwana Shimba akasema karibu na kitanda. "Safi, safi, safi. Tafuta sababu nyingine."

"Nimeishiwa na sababu nyingine," akajibu Nesi Paskazia. "Na dawa nazo zinaniishia."

Bilali alikuwa amemshika Zakia kidole. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Zakia akamwangalia mama, kisha akaangalia sakafu.

"Si ya ziwani," alisema.

"Unasemaje, binti?"

"Maji uliyopima. Si ya ziwani. Ni ya mtungini. Yamechemshwa. Ni maji ya mgeni. Sisi hatuyanywi."

Mama alijifunika uso kwa upande wa kanga. Zakia alitamani ardhi ipasuke. Kisha mama akaushusha upande ule wa kanga.

"Mtoto anasema kweli. Nilichota mimi. Niliona aibu." Akamtazama Bilali. "Nimewapa wageni maji mazuri, mwanangu mwenyewe nikamwacha anywe uchafu."

Bwana Shimba angeweza kufoka. Badala yake aliketi juu ya kitanda kilichokuwa kitupu, akatazama viatu vyake. "Chupa ile ilikuwa kazi yangu, mama. Nilikwepa tope."

Kukiri hakukumponya Bilali siku ile. Asubuhi Bwana Shimba alivua viatu, akaingia ziwani hadi magotini, akajaza chupa pale pale watoto walipochota kwa viganja, Zakia akimshikia sanduku. Lakini jibu la maabara lilichukua siku tisa. Siku tisa hizo walichemsha maji kwa kuni za kuazima, wakangoja. Siku ya sita Bilali hakumtambua dada yake. Zakia hakuwa na la kufanya ila kukaa tu, na alikaa.

Jibu lilipokuja, lilikuwa baya. Nesi Paskazia hakutaka litembee tena kutoka ofisi hadi ofisi. Aliwaita makarani wote wawili na Bwana Shimba, akawaomba waje na madaftari yao, akayafungua yote juu ya meza moja. Daftari la Halmashauri lilionyesha siku mfereji ulipochimbwa. La zahanati lilionyesha mgonjwa wa kwanza, siku nane baadaye. La Afya liliandikwa safi. La Maji halikuonyesha ukaguzi wowote. Karani wa Halmashauri alisoma, akarudia kusoma, akasema kwa sauti ndogo, "Mambo haya yalikuwa yanajulikana yote."

"Yalijulikana vipande vipande," akajibu Nesi Paskazia.

Mfereji ulielekezwa kwenye shimo mbali na kijito. Daftari moja likawekwa zahanati, kila idara iandike humo, na mtaa ukatakiwa kuchagua shahidi wa kuandamana na Bwana Afya hadi majini. Watu walimchagua Mwanabaraka, na Mama Kija ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Siku Bilali aliporudi nyumbani, amekonda lakini anatembea, Nesi Paskazia alimsindikiza. Majirani walijaa uani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nesi aliwaambia. "Ninyi mlificha kwa heshima, na sisi maofisini tukaficha kwa kutoulizana. Zakia ni mtoto, na aliogopa kuliko sisi sote, lakini ndiye aliyetangulia kusema. Mkipimwa, toeni kilicho kibaya kwanza. Kizuri hakihitaji dawa."

Bwana Shimba alikuwa amefika kwa baiskeli, jasho linamtoka, viatu ameviweka ndani ya sanduku la chupa. Mama alimwona ana kiu. Akafunua mtungi, akachota kata ya kwanza iliyojaa, na watu wote wakajua inakwenda kwa mgeni kama siku zote.

Akampita mgeni. Akapiga magoti, akaiweka kata ile midomoni mwa Bilali, naye akanywa hadi tone la mwisho.

"Utanisamehe, Bwana Afya," mama akasema. "Utangoja kidogo."

"Nitangoja, mama," akajibu Bwana Shimba.