Fundi na Viatu vya Meno

Kibanda cha fundi viatu kilikuwa ubavuni mwa nyumba yake. Kila asubuhi mkewe alipika chai huku akisikia nyundo ikigonga. Siku hizi alisikia maneno zaidi kuliko nyundo. Binti yao alikuwa amechaguliwa kwenye timu mpya ya taifa ya wanawake ya futsal, na hakuna mteja aliyepewa kiatu chake kabla ya kuisikia habari hiyo yote. Mama mmoja alileta kandambili asubuhi, akatoka adhuhuri.

Wateja walipouliza futsal ni nini, fundi alijibu kuwa ni mpira wa miguu, ila wa wakubwa. Kusema kweli hakujua. Alichojua ni kwamba timu hiyo haikuwahi kuwepo, sasa ipo, na binti yake yumo. Mtaa mzima ulimwita binti huyo Kisulisuli kwa jinsi anavyokimbia. Mechi ya kwanza ilikuwa mwezi ujao, na kocha alikuwa bado hajataja kikosi.

Siku moja Kisulisuli aliacha kibandani viatu vyake vya mazoezi. Uzi ulikuwa umeachia ubavuni. Fundi alivigeuza, akaona soli bapa za mpira, akapandwa na hasira.

"Wanampeleka mwanangu uwanjani na malapa," alimwambia mkewe.

Mkewe alimshauri amuulize mtoto kwanza. Lakini fundi akishashika nyundo haulizi mtu. Aling'oa soli zile, akaweka nyingine ngumu, zenye meno marefu. Kisha akavitundika viatu mlangoni ili wapita njia wavione.

Kisulisuli alipoviona alivitungua bila kulalamika. Hakuwa na jozi nyingine, na hakutaka kumvunja baba yake moyo. Akaenda navyo hivyo hivyo. Kwenye ukumbi wa mazoezi, kabla kocha hajafika, akaukimbilia mpira. Meno yale hayakupata pa kushika kwenye sakafu ngumu. Mguu mmoja ulikwenda huku, mwingine kule, na kifundo kikapinda.

Wenzake walimrudisha nyumbani akiruka kwa mguu mmoja. Kocha naye alituma ujumbe: apumzike mpaka apone, lakini asipopona kabla ya mechi, nafasi yake atapewa mwingine.

Fundi roho ilimruka. Hata hivyo hakukosa la kufanya, maana watu wa aina yake hawakosi. Alibandika sufuria ya maji, akakunja mikono ya shati, akatangaza kuwa ataukanda mguu kwa maji ya moto na kuuchua mpaka uvimbe uishe. Kisulisuli aliukumbatia mguu wake. Mama yake hakubishana na mtu. Alitoka kimya kimya, akamwita jirani yao muuguzi.

Muuguzi alimkuta fundi amepiga magoti, taulo mkononi linafuka mvuke.

"Jirani, weka hilo chini," alisema. "Unataka kumponya au kumpika?"

Alimwambia Kisulisuli ajaribu kukanyaga. Binti akatembea hatua chache akichechemea. Muuguzi akabonyeza mifupa ya kifundo pande zote mbili, haikuuma. Alieleza kuwa kama angeshindwa kukanyaga, au mguu ungepoteza umbo lake, au mfupa ungeuma ukibonyezwa, wangekwenda hospitali saa hiyo hiyo kupiga picha ya mfupa. Huu ulikuwa umeteguka tu.

"Basi tuuchue," fundi akasema.

"Usiuchue. Uzi wa kiatu ukianza kuachia, wewe unauvuta?"

"Siuvuti. Utaachia wote."

"Ndivyo zilivyo nyuzi za humu ndani ya kifundo. Ukichua sasa, ukatia na moto, uvimbe unazidi. Siku za mwanzo ni baridi."

Alifunga barafu kwenye kitambaa ili isiguse ngozi. Akasema ikae kama robo saa, iondolewe, irudiwe baada ya saa kadhaa. Akazungusha bandeji bila kuikaza, akaonya kuwa vidole vikifa ganzi ilegezwe. Mguu akaupandisha juu ya mito, ukawa juu kuliko kifua. Maumivu yakipungua, Kisulisuli auchezeshe taratibu. Asikimbie kabla hajaweza kusimama na kurukaruka kwa mguu huo bila maumivu. Na mguu usipopata nafuu baada ya siku chache, waende hospitali.

"Na haya meno ni ya nini?" aliuliza, akiokota kiatu.

Fundi aliitazama nyundo yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Futsal tunacheza ukumbini, baba," Kisulisuli alisema. "Watano kwa watano. Soli bapa ndiyo inayoshika sakafu. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa umeshavitundika mlangoni."

Fundi aliona aibu, na moyo ukamuuma. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilipaswa kukuuliza kwanza."

Tangu hapo alilinda ile mito kama askari. Waliokuja na mafuta ya kuchulia waliishia mlangoni, na mteja wa kandambili sasa alisikiliza habari za barafu. Uvimbe ulipungua, na baada ya wiki tatu Kisulisuli aliweza kurukaruka kwa mguu huo bila maumivu. Fundi alikwenda mwenyewe ukumbini, akapapasa sakafu, akamuuliza kocha maswali mpaka kocha akachoka. Aliporudi aling'oa meno yote, akaweka soli bapa za mpira.

Siku ya mechi Kisulisuli alikuwemo kikosini. Aliingia kipindi cha pili. Mara akaanguka. Mzee aliyekaa karibu na fundi akasema binti huyo akandwe kwa maji ya moto.

"Mzee wangu, siku za mwanzo ni baridi," fundi alianza. Hakumaliza.

Kule chini binti yake alikuwa ameketi, anamtafuta kwa macho. Alipomwona aliinua mguu, akamwonyesha soli. Ilikuwa nzima, haijabanduka. Kisha akasimama, akaufuata mpira.

"Amesukumwa," fundi alimwambia mzee, machozi yakimlengalenga. "Soli haikuteleza."