Maji ya Siku Saba

Kijiji cha Mkunya kiko juu mlimani, maji yako chini bondeni. Kila alfajiri Anjelina alijitwika mtungi, akateremka na wanawake wenzake, akarudi jua limekuwa kali. Baba yake, Silvano, alibaki akipalilia mihogo na kunung'unika. Habari za mabomba alizisikia tangu anaoa. Sasa mkewe Dominika alikuwa na miaka mitatu kaburini, na mabomba bado yalikuwa habari tu. Siku Dominika alipozidiwa, lori la kumpeleka hospitali lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano wa wakubwa. Silvano hakusahau.

Mwaka ule ikaingia homa ya mafua. Watu wakalala nyumba baada ya nyumba. Jumbe akapita akipiga kelele:

"Nyumba yenye homa ifungwe siku saba! Hakuna kutoka, hakuna kutembelewa! Amri ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya!"

"Na maji je?" Silvano akauliza kutoka uani.

Jumbe alikwisha pita.

Baada ya siku mbili Anjelina akaamka na homa kali. Mtungini yalibaki maji ya kata nne. Silvano alitaka kwenda bondeni mwenyewe, lakini naye alikohoa, na mlima asingeuweza. Akampa mwanawe kata moja. Zikabaki tatu. Akakaa kizingitini.

"Wametufungia tufe kwa kiu," akasema.

Jua la utosini akasikia sauti.

"Hodi! Mtani, umekufa au bado?"

Alikuwa Mama Nurdini, jirani yake, ana mtungi umejaa kichwani. Yeye Myao, Silvano Mmakonde. Walikuwa watani, hawajapata kusalimiana bila kutukanana.

"Bado," Silvano akajibu. "Umewahi mno kufuata kuku wa mazishi."

"Kuku gani, nao wamekonda kama wewe? Nipishe nimwone mtoto."

Moyo wa Silvano ukalainika. "Ingia, mtani. Amri yao waile wenyewe." Akachota maji kwa kata ampe mgeni, kama desturi.

"Mama, simama hapo hapo!"

Alikuwa Isaka, dresa aliyetibu wagonjwa zahanati, anashuka kwenye baisikeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nawe umetumwa kutufungia?"

"Nimekuja kuwaona. Jirani yenu Vitalis alipougua, ulikwenda kumpa pole?"

"Nilikwenda. Tuliketi ndani, watu wanane, mkeka mmoja."

"Mkanywa maji kwa kata ngapi?"

"Moja. Ilizunguka."

"Sasa taja nyumba zenye homa."

Silvano akahesabu kwa vidole. Kwa Vitalis mwenyewe. Kwa kaka yake. Kwa seremala. Na hapa kwake. Wote walikuwa kwenye mkeka ule. Akaitazama kata mkononi, akairudisha mtungini polepole.

"Homa hii hutoka na pumzi na kikohozi," Isaka akasema. "Hushika kwenye kata na mikononi. Ndiyo maana nyumba inafungwa."

"Mbona Jumbe hakusema hivyo? Na nani aliuliza tutakunywa nini?"

Isaka akainamisha kichwa. "Hapo una haki, mzee. Hata karatasi niliyopewa haina neno la maji. Basi tufanye hivi. Weka mtungi wako mwisho wa uwanja, urudi mlangoni. Mama atamimina bila mitungi kugusana, kisha arudi nyuma hatua kumi. Mgonjwa awe na kikombe chake. Mkikohoa, zibeni mdomo kwa kitambaa, mkioshe kwa sabuni. Nawe mikono hivyo hivyo. Acha mlango wazi, hewa ipite. Mpe maji na uji kidogo kidogo. Akipumua kwa shida, niite mara moja."

"Na mazungumzo?" Mama Nurdini akauliza. "Nayo yamefungwa?"

"Hayo lete tu, mama. Mgonjwa akisikia watu wake, hupata nguvu."

"Dresa, umeniponza," Silvano akasema. "Huyu hatanyamaza tena."

Kweli, hakunyamaza. Kila siku alimimina maji, akarudi nyuma, akaanza. Siku ya nne Anjelina alilala kimya, hataki uji. Silvano akaogopa.

"Anjelina!" Mama Nurdini akaita. "Huo uji kapika baba yako? Basi sikulaumu!"

Ndani kikasikika kicheko chembamba, kisha kikohozi. "Baba, nipe huo uji," Anjelina akasema. Akanywa nusu kikombe. Silvano akageuka ukutani, akajifuta macho.

Siku ya saba Anjelina alitoka kuota jua. Kwa Mama Nurdini hakuugua hata mtu mmoja. Watu wakaiga, na nyumba nyingine zilizofungwa zikapata kila moja jirani wa kuiletea maji.

Ila ya Bibi Isabela, kikongwe wa kijiji. Alipougua, alikuwa peke yake, na majirani zake wote wamelala. Silvano, ambaye kikohozi kilikwisha kumtoka, akachukua mzega, akaning'iniza madebe mawili, akateremka bondeni pamoja na wanawake.

"Baba Anjelina, umeolewa wapi?" wakamcheka.

Akapanda mlima akihema. Njiani akakutana na Jumbe.

"Silvano! Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ningengoja kutumwa, bibi angekauka."

Akafika kwa bibi, akamimina maji kwenye mtungi uliowekwa mwisho wa uwanja, akarudi nyuma hatua kumi.

"Hodi, bibi! Maji hayo."

Bibi Isabela akatokeza, amejifunga shuka. "Mwanangu, njoo basi nikuone."

"Hapana, bibi, mpaka upone. Leo utanisikia tu."

Akaketi chini pale pale, mtu aliyezoea kunung'unika peke yake, akaanza kumsimulia habari zote za bondeni.