Buti Zilizopinduliwa

Maiti ilielea kifudifudi katika bwawa la kwanza, lile linalopokea majitaka ya kijiji kizima. Alikuwa fundi wa mabwawa, mzee wa miaka sitini, na alikuwa peku.

"Ameteleza," alisema msaidizi wake, bwana mmoja mwenye kitambi. "Nilikwenda kula, kurudi saa nane namkuta hivyo."

Hilo neno "ameteleza" Inspekta alishalichoka miaka mingi. Aliinama ukingoni. Utelezi wa kijani juu ya plastiki iliyotandikwa bwawani ulikuwa umekwanguliwa kwa vidole, mara nne, mara tano. Marehemu alipigania kutoka, na hakuna aliyempa mkono.

"Buti zake ziko wapi?"

"Zile pale, mlangoni."

Zilikuwa zimepinduliwa juu ya vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini, soli juu. Zilikuwa zimesuguliwa mpaka kwenye mifereji ya soli, na bado zilikuwa mbichi.

"Nani kaziosha?"

"Sisi? Wapi! Tunazivua na tope lake. Na huyu mzee ndiyo kabisa, tangu nimjue hajaosha hata kijiko."

Basi kuna mtu alikuwa hapa marehemu akiwa hai, akamwoshea buti, kisha akaenda zake kimya.

Nyumba ya marehemu ilikuwa ng'ambo ya uzio. Mjane alikaa kizingitini, macho makavu.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa."

"Leo ulimpelekea chakula?"

"Leo hapana. Aliondoka nacho."

Inspekta alitazama kando ya mlango. Vijiti viwili vifupi vilikuwa vimechomekwa ardhini, na juu yake buti ndogo nyekundu, soli juu.

"Hizi za nani?"

"Za mjukuu wangu, za kuvaa akija kwetu. Tumemzika wiki iliyopita. Homa ya matumbo."

"Nani alizipindua?"

"Mimi. Usipozipindua vyura wanaingia..." Akaficha mikono ndani ya kanga.

"Nionyeshe viganja vyako, mama."

Viganja vilikuwa na malengelenge mabichi. Mama wa watu akavitazama kama si vyake, kisha maneno yakamtoka yenyewe.

"Kichujio kiliziba. Kukizibua ni kushinda kutwa ndani ya uchafu. Mume wangu akafungua valvu ya pembeni, majitaka yakaenda moja kwa moja kijitoni. Mwezi mzima, Inspekta! Sisi hapa akatukataza maji ya kijito, eti yana matope. Lakini binti yetu anayeishi kule chini, yeye hakumwambia neno. Na mtoto wake akafa."

"Ulijua lini?"

"Leo, saa saba. Nimempelekea chakula, naosha buti zake kama kila siku, ananiambia huku anatafuna. Nikamwambia inuka ukaifunge. Akasema kesho, leo kachoka. Kachoka! Akainuka kwenda kumwaga makombo bwawani. Nikamsukuma. Akaniita, akaniita. Nikasimama namtazama."

"Na haya malengelenge?"

"Valvu. Nilijaribu kuifunga, imekaza."

"Kwa hiyo mpaka sasa iko wazi?"

Mjane aliitikia kwa kichwa.

"Msaidizi si yuko pale? Kwa nini hukumwambia?"

"Angeniuliza nimejuaje."

Inspekta alitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na moja. Kule chini wanawake walikuwa wakipanda kutoka kijitoni, ndoo zimejaa vichwani.

"Tangu saa saba, mama," alisema kwa hasira. "Saa nne nzima. Yeye alinyamaza, na wewe umenyamaza. Wale nao wana wajukuu."

Hapo ndipo mjane alipoanza kulia. Hakumlilia mumewe.

Inspekta hakuwa na muda wa pingu. Alitoka mbio akimwita msaidizi alete spana. Yule bwana aliitia kwenye valvu, akaegemea kwa kitambi chake chote, akaifunga. Haikuchukua hata dakika mbili.