Bodi Iliyokataa Kutulia

Jumamosi ile nilikuwa kwa dada yangu Apolonia, Kinyerezi, nachambua mchele barazani. Walikuwa wamepanga nyumba mpya, miezi mitatu tu, rangi bado inanuka. Mtoto wao Loveness, wa miezi mitano, alikuwa amelala chumbani. Shemeji yangu Adelard, mwalimu wa fizikia, alikuwa sebuleni anahangaika na droni yake.

Droni hiyo aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Kwenye bodi yake, kile kibao cha saketi, kuna kihisio kidogo kama punje ya mchele, wenyewe wanakiita jairo, kinachoiambia droni imeinamia wapi. Ukiiunganisha na kompyuta unaona picha yake kwenye kioo: ukiinamisha bodi, na picha inainama. Ukiiweka mezani, picha inatakiwa itulie.

Yake haikutulia. Bodi iko mezani kimya, picha inayumba. Kushoto. Kulia. Polepole.

Alishaiseti upya mara ishirini. Alishazima friji na feni, akaiwekea sponji chini. Alinunua bodi nyingine, nayo ikayumba vilevile. Akaipeleka Kipawa kwa fundi wake, Walid. Kule ikatulia kama jiwe.

Ndiyo maana siku ile Walid alikuja mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akacheka.

"Mtetemo tu huo, mwalimu. Si mna mitambo ya gesi hapo jirani?"

Mimi na dada tukamfuata ndani. Akatazama kioo. Kicheko kikamwisha.

"Hapana. Mtetemo unakuwaga wa haraka. Hii ni kama mtu anabembeleza kitu."

Akaanza kuihamisha bodi, kila mahali akiilaza sakafuni na kusubiri. Jikoni iliyumba kidogo. Koridoni zaidi. Mbele ya chumba cha mtoto, picha ikalala ubavu kabisa.

"Inaanzaga Loveness akinyamaza," dada akasema.

Tukamgeukia.

"Mchana akianza kulia, kabla sijafika ananyamaza mwenyewe. Kila siku. Mie nilikuwa namshukuru Mungu."

Adelard alichukua bodi, akaingia kwa kunyata, akaiweka kitandani ubavuni mwa mwanawe. Akaichomeka neti chini ya godoro, pande zote. Akatoka, pazia la mlangoni likaanguka nyuma yake. Waya mrefu ulipita chini ya pazia hadi kwenye kompyuta. Tukachuchumaa koridoni wote wanne.

Picha ilitulia. Kwa mara ya kwanza.

Walid akashusha pumzi.

Kisha pua ya droni pale kiooni ikainuka. Ikageuka. Ikalala kifudifudi, imeinamia mbele. Ikarushwa kidogo, mara mbili. Halafu taratibu ikasimama wima.

"Imekufa hii," Walid akanong'ona. "Bodi imelala kitandani, haiwezi..."

"Hamjawahi kubeba mtoto nyie?" Dada alikuwa amekodolea kioo. "Ameinama. Amemweka mgongoni. Amemrusha akae vizuri. Amefunga mbeleko. Sasa amesimama."

Picha ikaanza kuyumba. Kushoto. Kulia.

Zilikuwa hatua.

Nilizihesabu. Tano. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni tano.

Zikakoma. Pazia lilikuwa mbele ya nyuso zetu. Halikutikisika.

Adelard akalivuta.

Hapakuwa na mtu. Bodi ilikuwa palepale kitandani. Neti ilikuwa imechomekwa vilevile, pande zote. Na Loveness, ambaye hata kutambaa hajui, alikuwa kizingitini, miguuni petu, amelala kifudifudi, usingizi mzito. Dada alimnyakua. Tumbo la mtoto lilikuwa la moto, limelowa jasho, kama mtu aliyebebwa safari ndefu.

Dada alitoka naye peku hadi barabarani na hajarudi tena nyumba ile. Vyombo vyao tulivihamisha sisi ndugu. Mwenye nyumba aliapa kwamba hajawahi kufa mtu pale; wao ndio waliokuwa wapangaji wa kwanza. Bodi anayo Walid. Anasema imetulia.

Jioni ile walikuja kwangu, Mbezi Luis. Mimi ndiye niliyemwogesha mtoto. Nilipomgeuza kwenye mwanga nikaona shavu lake la kushoto. Alama nne za mviringo, zimepangana mstari mmoja, kila moja ina vitundu viwili katikati.

Vifungo. Kama mtu aliyelalia mgongo wa gauni linalofungwa kwa nyuma.

Dada alikuwa amevaa dera, lisilo na kifungo hata kimoja.

"Zitafutika," nilimwambia. "Ni za kulalia tu."

Loveness ana miaka miwili sasa. Watu wakiuliza, tunasema ni tetekuwanga.